Tuvijue Vimulimuli vya Zamani: Taa Inayozunguka Ina Kazi Yake

UKURASA WA USALAMA NA AFYA



Mara hii tunazungumza juu ya chombo kidogo ambacho kila mtu amekiona, lakini wachache wamekiuliza kazi yake. Ni ile taa inayokaa juu ya gari na kuzunguka, ikipiga mwanga huku na huku. Wanaofuata Kifaransa huiita jirofari. Wengine husema taa ya kuzunguka. Sisi tutaiita kimulimuli, kwa sababu inawaka na kupotea kama yule mdudu wa usiku anayeruka kwenye majani.

Kwa nini tuizungumze katika ukurasa wa afya? Tazameni hapa petu Kilibula. Nyumba zimesongana kati ya mlima na ziwa. Barabara kubwa inabeba kila kitu: wanafunzi, kina mama wenye mizigo kichwani, pikipiki, makamyo ya bandari ya Kalundu, na gari la wagonjwa pia. Mtu aliyevunjika mguu kazini, au mama mwenye uchungu wa kuzaa, hana njia nyingine ya kupita. Uzima wake unategemea watu wampishe. Nao watampisha tu ikiwa wanaiamini ile taa.

Sasa tatizo ni hili. Gari linakufa, lakini kimulimuli chake hakifi pamoja nalo. Kinafunguliwa, kinauzwa, kinapakwa vumbi sokoni, kisha kinafungwa juu ya gari lingine lisilohusika na wagonjwa wala moto. Ukisogea kando mara tatu, na mara zote tatu ukaona ni mtu anayekwenda harusini, mara ya nne hutasogea. Na mara ya nne huenda ndani ya gari mna mtoto wako.

Basi tujifunze kukitambua kimulimuli cha zamani: kilitengenezwa kwa kazi gani, zamani gani, na kama bado kinafaa kulinda watu.

TAA HII ILITOKA WAPI

Zamani magari ya zimamoto na ya wagonjwa yalipita kwa kupiga kengele. Baadaye yakawekewa taa nyekundu iliyosimama mahali pamoja. Ubaya wa taa ya namna hiyo ni kwamba humulika upande mmoja tu. Mtu anayetoka kwenye njia ya pembeni haioni mpaka gari limemfikia.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, kampuni ya Federal ya Chicago, Marekani, ilianza kuuza taa iliyoitwa Beacon Ray. Ndani ya kofia yake ya kioo, ampule zenyewe zilizungushwa na mota, zikapiga mwanga pande zote za barabara. Mwaka 1952 kampuni nyingine ya Marekani, Whelen, ilianza kwa kutengeneza taa za kuzunguka za ndege, ili rubani mmoja amwone mwenzake angani. Huko Ujerumani walioshika kazi hii zaidi ni Bosch wa Stuttgart na Hella wa Lippstadt. Taa zao zilienea katika nchi nyingi za Ulaya, na magari ya Ulaya yalipokuja Afrika, taa zikaja nayo.

Na rangi ya bluu je? Hadithi yake ni ya vita. Mwaka 1938 Ujerumani iliweka kanuni kwamba taa za magari ya dharura ziwe za bluu badala ya nyekundu. Miji ilikuwa ikijiandaa kuzimwa taa usiku kwa hofu ya ndege za adui, na mwanga wa bluu hauonekani kwa urahisi kutoka juu sana. Vita vilikwisha mwaka 1945, rangi ikabaki, na nchi nyingine za Ulaya zikaifuata. Ndiyo sababu ambulansi nyingi tunazoletewa kutoka Ulaya zina taa ya bluu.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Fungueni kimulimuli cha zamani cha Ulaya, mtakuta vitu vitano tu: kitako, mota ndogo, ampule, kioo cha kurudisha mwanga, na kofia ya rangi juu yake. Ampule imesimama katikati wala haisogei. Kile kioo chenye umbo la bakuli ndicho kinachozungushwa na mota kuizunguka ampule. Kwa hiyo taa haizimiki hata mara moja. Wewe unaona inawaka na kuzimika kwa sababu kioo kinakugeukia, halafu kinakupa mgongo.

Siku hizi magari mapya hayana tena mota wala kioo cha kuzunguka. Yana vitaa vidogo vya LED vinavyowaka na kuzimika kwa umeme. Lakini taa za kuzunguka bado zipo nyingi katika magaraji na juu ya magari ya mtumba, na ndizo zinazotuhusu leo.

MAMBO SABA YA KUTAZAMA

Ukiletewa kimulimuli cha zamani, usikimbilie kukiunganisha na betri. Kiweke mezani, kipanguse, ukitazame hivi:

1. Kofia ni ya kioo au ya plastiki? Igonge polepole kwa kucha. Kioo hulia kama bilauri, nacho ni kizito na baridi mkononi. Plastiki hutoa sauti ya kubweteka. Kofia ya kioo kwa kawaida ni dalili ya taa ya zamani zaidi. Itazame kama ina ufa, kwa sababu kioo chenye ufa kikirukiwa na jiwe kitaanguka juu ya watu.

2. Rangi ya asili ni ipi? Jua hula rangi. Nyekundu iliyokaa juani miaka mingi hupauka ikafanana na ya machungwa, na plastiki nyeupe hugeuka manjano. Usihukumu kwa kutazama juu. Fungua ile pete inayoshika kofia, utazame ukingo uliofichika chini yake. Pale jua halikufika, na rangi ya kweli imebaki.

3. Kinachozunguka ni nini? Kama ampule zenyewe zinazunguka juu ya sahani, hiyo ni namna ya zamani ya Kimarekani. Kama ampule imesimama na kioo kinaizunguka, hiyo ni namna ya Ulaya. Kama hakuna kinachozunguka, na badala yake kuna bomba la kioo lililopindwa, hicho si kimulimuli cha kuzunguka. Ni taa ya mwako, nayo ina hatari yake ambayo tutaieleza chini.

4. Ampule ni ya namna gani? Ampule ya kusukuma na kuzungusha, yenye vipini viwili ubavuni, ndiyo ya zamani zaidi. Ampule ndogo ya halojeni iitwayo H1 ilianza kutumika katika magari ya Ulaya mwaka 1962. Kwa hiyo taa iliyotengenezwa kwa ampule ya H1 haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo, hata muuzaji akiapa.

5. Volti ni ngapi? Tafuta 12 V au 24 V kwenye kitako, kwenye mota na kwenye ampule. Tazama sehemu zote tatu, kwa maana katika taa iliyokwisha kutengenezwa mara nyingi huenda zisipatane. Magari madogo kwa kawaida ni ya volti 12, makamyo makubwa na mashini za machimbo ni ya volti 24.

6. Kitako kinashikwaje? Matundu matatu ya bolti maana yake taa ilikuwa ya kudumu juu ya paa, kama ya zimamoto au ambulansi. Bomba la kuchomeka juu ya mlingoti mfupi ni la matrekta na mashini za kazi. Sumaku chini yake, pamoja na waya uliojikunja wenye kichwa cha kuchomeka mahali pa kuwashia sigara, ni taa ya kuwekwa na kuondolewa, kama ile ya polisi aliye katika gari la kawaida.

7. Kuna alama gani? Jina la mtengenezaji huwa chini ya kitako au ubavuni. Taa za zamani za Ujerumani zina mstari mdogo wa mawimbi na tarakimu zinazoufuata. Taa zilizopimwa kwa kanuni za Geneva zina herufi E na tarakimu ndani ya duara. Tarakimu hiyo ni ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi, 6 Ubelgiji, 11 Uingereza. Kanuni inayohusu vimulimuli ni ya 65, nayo ilianza mwaka 1986. Katika alama hiyo herufi A ni rangi ya machungwa, na B ni bluu. Ukikuta kofia ya bluu juu ya taa yenye alama ya A, ujue mtu amebadilisha.

Ndugu, hakuna alama moja inayotosha peke yake. Watengenezaji wengi walitumia kitako kilekile kwa kofia za rangi mbalimbali. Ukiona bluu usiseme upesi kwamba hii ilikuwa ya ambulansi. Kusanya alama zote saba, kisha useme.

MAZUNGUMZO YA GARAJI

Tuseme shofere kijana amemletea fundi mzee taa aliyoinunua sokoni. Huenda wakazungumza hivi:

– Shikamoo mzee. Nimepata kimulimuli kizuri. Nifungie juu ya gari letu la kupeleka wagonjwa dispanseri.

– Marahaba, mwanangu. Umekijaribu?

– Nimekijaribu kwa betri, mzee. Kinawaka na kinazunguka. Kinazunguka polepole kidogo tu.

– Polepole kidogo? Hebu soma hapa chini. Imeandikwa nini?

– Ishirini na nne.

– Na gari lako ni la volti ngapi?

– Kumi na mbili, mzee.

– Basi umenunua kivuli cha taa.

Mzee ana haki. Ampule ya volti 24 ikipewa volti 12 haitoi nusu ya mwanga wake, kama wengi wanavyodhani. Hutoa karibu sehemu moja tu ya kumi. Katika garaji lenye giza utasema inawaka vizuri. Nje, saa saba mchana, hakuna atakayeiona. Mota nayo inakokota miguu. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: ampule ya volti 12 ikipewa 24 inaungua upesi, mota inazunguka kama yenye wazimu, na waya zinapata moto.

Kipimo cha kasi ni rahisi. Kanuni ya Geneva yataka mwanga upige mara 2 hadi 4 kwa kila sekunde. Tazama saa yako, hesabu mapigo kwa sekunde 10. Yakiwa kati ya 20 na 40, vizuri. Yakipungua, mota imechoka, au mafuta ya gia yamekauka, au volti si yake. Taa za zamani za Kimarekani zilikuwa na mwendo wao mwingine, kwa hiyo zisipimwe kwa kipimo hiki.

RANGI SI PAMBO

Hapa kwetu magari ya mtumba yanatoka pande nyingi. Yapo ya Ulaya, na yapo ya Japani yanayopitia bandari ya Dar es Salaam. Jambo hili linaleta mchanganyiko wa rangi ambao si kosa la mtu.

Japani polisi, zimamoto na ambulansi wote hutumia nyekundu. Kwa hiyo Toyota Himedic, ambayo ni ambulansi ya Kijapani, hushuka melini na taa nyekundu, na huenda ukakuta jina Patlite, kampuni ya Osaka, juu ya taa. Ulaya magari hayo hutumia bluu. Marekani rangi hutofautiana jimbo kwa jimbo, lakini nyekundu ndiyo iliyozoeleka kwa zimamoto na wagonjwa. Rangi ya machungwa, karibu kila mahali, haina maana ya kupisha. Maana yake ni: angalia, hapa kuna mashini, mzigo mkubwa au kazi barabarani.

Tusichanganye maana hizi mbili. Bluu na nyekundu zinakuambia: niachie njia, ninakimbilia uzima wa mtu. Machungwa inakuambia: punguza mwendo, kaa mbali nami. Mtu akifunga bluu juu ya kamyo la mchanga, watu watakimbilia kando bila sababu. Mtu akifunga machungwa juu ya gari la wagonjwa, watu watapunguza mwendo mbele yake, na mgonjwa atacheleweshwa na wale wale waliotaka kumsaidia.

Rangi ya machungwa ina faida nyingine. Kofia ya bluu hula sehemu kubwa ya mwanga wa ampule ya waya, na ya machungwa huuachia mwanga mwingi zaidi. Katika machimbo hiyo ni faida kubwa, kwa sababu shofere wa kamyo kubwa la mawe ameketi juu sana. Karibu na magurudumu yake kuna sehemu asizoziona kabisa, na gari dogo lote linaweza kujificha hapo. Ndiyo maana gari dogo linaloingia machimboni hupewa kimulimuli cha machungwa, na mara nyingi mlingoti mrefu wenye bendera. Si fahari. Ni kumwambia yule aliye juu: mimi niko hapa, usinikanyage.

Tena, katika nchi iliyoona vita kama yetu, taa ya wagonjwa ina heshima ya pekee. Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, iliichagua taa ya bluu inayomulika mara 60 hadi 100 kwa dakika kuwa ishara ya ndege za matibabu, ili zisipigwe. Mchezo wowote na alama za wagonjwa huwafanya wenye silaha wasiziamini tena. Na alama isiyoaminiwa haimlindi mganga wala mgonjwa.

SOMO LA SANGE

Wengi wetu tunakumbuka tarehe 2 Julai 2010. Siku ile kamyo la mafuta lilipinduka Sange, katika uwanda wa Ruzizi, kaskazini mwa Uvira. Watu walisogea kuchota mafuta yaliyomwagika. Wengine walikuwa karibu na hapo wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 230 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto.

Hatusemi kwamba taa ingeuzuia moto ule. Tunasema mambo mawili.

La kwanza: palipo na hatari kubwa, watu huokolewa na umbali. Kimulimuli cha machungwa kilichowekwa mbali barabarani, pande zote mbili za ajali, kinawaambia watu wasimame kabla hawajafika. Lakini kitasaidia tu katika mji ambamo watu wamezoea kuiheshimu taa hiyo. Heshima hiyo haiundwi siku ya ajali. Inaundwa kila siku, kwa kutofunga taa ovyo.

La pili ni la ufundi, na shofere wote walishike. Mota ya kimulimuli cha zamani ina makaa madogo yanayosuguana ndani, na makaa hayo hutoa cheche. Kichwa cha kuchomeka nacho hutoa cheche unapokiingiza na kukitoa. Cheche ndogo inatosha kuwasha mvuke wa petroli. Kwa hiyo usipeleke kimulimuli cha zamani karibu na mafuta yaliyomwagika, ghala la mafuta au ghala la baruti. Simamisha gari mbali, upande unakotoka upepo, uwashe taa hukohuko kabla hujashuka. Usiwashe wala usizime chochote karibu na mafuta. Na yeyote anayechota mafuta yaliyomwagika, hata kama ni ndugu yako, mwite aondoke.

AFYA YA MWENYE KUSHIKA TAA

Fundi na mwanafunzi wake wajihadhari na haya:

Joto. Ampule ya halojeni huwa na moto mkali sana hata dakika chache baada ya kuzimwa. Iache ipoe. Na ile mpya usiishike kioo chake kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi huifanya ipasuke mapema. Tumia kitambaa safi.

Mtu akiungua, mwagilia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Funika kwa kitambaa safi, kisha mlete dispanseri. Usipake dawa ya meno, mafuta ya mawese, unga wala udongo. Vitu hivyo vinaleta uchafu katika kidonda, na vinatupa kazi ya kuvisugua huku mgonjwa akilia.

Umeme. Volti 12 haziui mtu kwa kumshika, lakini zinaweza kuchoma gari. Ampule ya wati 55 katika volti 12 hula karibu ampea 5, na mota juu yake. Waya mwembamba wa redio hautoshi. Tumia waya wa unene unaofaa, na weka fyuzi karibu na betri.

Ile taa ya mwako tuliyoitaja ni jambo jingine. Ndani yake kuna chombo kinachokusanya umeme wa mamia ya volti, na kinaweza kuubakiza hata taa ikiisha kutolewa kwenye betri. Usiifungue nyumbani. Mwachie fundi aliyejifunza kazi hiyo. Watoto wasipewe kuchezea.

Macho na kifafa. Wazazi wengine huuliza kama kimulimuli kinaleta kifafa. Jibu ni hili: mwanga haumpi ugonjwa huo mtu asiye nao. Miongoni mwa watu 100 wenye kifafa, wapatao 3 tu ndio ambao mwanga wa kuwaka na kuzimika unaweza kuwaangusha. Tena mwanga wenye hatari kwao zaidi ni wa kasi, mara 15 hadi 25 kwa sekunde, na kimulimuli ni polepole kuliko huo. Lakini magari mengi yakikusanyika, taa zao zinachanganyika. Mwenye hali hiyo afunike jicho moja kwa kiganja na ageuke upande mwingine. Kufumba macho tu hakutoshi.

Mtu akianguka kifafa, mwondolee vitu vya kumwumiza, mlaze ubavu akitulia, usimtie kijiko mdomoni, wala usimkimbie. Mate yake hayaambukizi. Degedege ikizidi dakika 5, mwite infirmiye mara moja.

TUNAPOKIONA KIMULIMULI BARABARANI

Kwa shofere na wenye pikipiki: ukiona bluu au nyekundu nyuma yako na kusikia king'ora, usifunge breki ghafula katikati ya njia. Toa ishara, sogea kulia, simama. Likipita gari moja, tazama kama kuna la pili nyuma yake. Usilifuate ili upate njia ya bure.

Kwa kina mama na watoto: shukeni kando ya barabara, mshikane mikono, msivuke mpaka limepita. Msihesabu kwamba shofere amewaona. Yeye anatazama mbali, na moyo wake uko kwa mgonjwa.

Kwa mwenye gari la binafsi aliyenunua gari lililokuwa ambulansi: fungua taa, ziba matundu, futa na ule msalaba ubavuni. Gari limebadilisha kazi, libadilishe na nguo.

Kwa fundi: ukiletewa kimulimuli, uliza kwanza ni cha gari gani na kazi gani. Kama kazi haihusiki, kataa kwa adabu. Huyo unayemkatalia leo atakushukuru siku ambayo mke wake atahitaji njia.

Kwa mwenye kuendesha gari la wagonjwa: washa taa unapokuwa na mgonjwa au unapomwendea. Unapokwenda kununua mkate, zima. Wewe ndiye wa kwanza kuilinda heshima yake. Kila Jumatatu asubuhi panguza kofia, hesabu mapigo kwa sekunde 10, tazama waya na bolti. Kazi hiyo haizidi dakika 5.

KWA KUKUMBUKA

– Taa ya zamani itambuliwe kwa alama zote saba, si kwa rangi peke yake.
– Rangi ya kweli imefichika chini ya pete.
– Volti 12 kwa 12, volti 24 kwa 24.
– Bluu na nyekundu: nipishe. Machungwa: kaa mbali.
– Kimulimuli cha zamani na petroli havikai pamoja.
– Aliyeungua: maji safi dakika 20, halafu dispanseri.

Wazee walisema, njia ya mwongo ni fupi. Taa inayodanganya nayo haiendi mbali, lakini huenda ikamzuia njiani mgonjwa aliyekuwa angali mzima. Tuzitunze taa zetu ziseme kweli.

Kazi njema, na usalama kwanza!